Vyombo vya Wapasuaji wa Kale: Shajara ya Safari kutoka Southwark hadi Edinburgh

Alhamisi, Southwark

Makumbusho ya chumba cha kale cha upasuaji jijini London yamo darini mwa kanisa. Mtu akitoka katika kituo cha treni cha London Bridge, akaliacha nyuma jengo refu la vioo liitwalo The Shard na kuingia St Thomas Street, atalikuta kanisa la matofali la St Thomas, lililojengwa mwaka 1703 kwa ajili ya hospitali yenye jina hilohilo. Njia ya kupandia ni ngazi nyembamba ya mzunguko ndani ya mnara, yenye vidato 52, na watu wawili hawawezi kupishana humo bila mmoja wao kujibana ukutani. Binti wa dada yangu, anayesoma katika jiji hili, alitangulia mbele na kunipa mkono. "Taratibu, mama mdogo," aliniambia, "huku juu vidato vinazidi kuwa vyembamba."

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya mkoa nchini Tanzania. Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingizwa, hufungua seti za vifaa vilivyokwisha kutakaswa, nikavihesabu kimoja kimoja na kuvipanga mezani kwa namna ambayo daktari akinyoosha mkono tu, kile anachokihitaji kiwe kimeshamfikia. Baada ya upasuaji huvihesabu tena, kisha vikaenda kuoshwa. Kwa hiyo safari hii niliianza na swali la mtu wa kazi: vyombo vya kale vilioshwaje, na ni lini mtengenezaji wake alianza kumfikiria yule atakayeviosha?

Sehemu ya kwanza unayoifikia juu ni ghala la mitishamba. Chini ya boriti nene za paa, mtayarishaji dawa wa hospitali alikausha na kuhifadhi mimea yake, na miongoni mwa mabaki yaliyokutwa humu ni vichwa vikavu vya mpopi, mmea unaotoa afyuni. Kabla ya mwaka 1846, dawa ya kumlaza mgonjwa ilipoanza kutumika, afyuni na pombe kali ndiyo misaada mikubwa aliyoweza kupewa mgonjwa anayesubiri kukatwa, na wala haikutosha kumlaza. Inanifaa kulijua hilo kabla ya kuviona visu, kwa sababu umbo la kila kisu cha wakati ule lilitokana na mgonjwa aliyekuwa macho.

Kwenye makabati ya vioo pembeni mwa mitishamba kuna vyombo vya kuumikia. Msomaji wa pwani hatahitaji maelezo marefu, maana kupiga chuku hakujakoma kwetu, na wanaofanya hijama hadi leo hutumia vikombe vinavyofanana kabisa na hivi vya kioo. Kinachotofautiana ni chombo cha kuchanjia. Mafundi wa Ulaya walitengeneza kisanduku kidogo cha shaba kinachoenea kiganjani, ambacho ndani yake mna nyembe nyingi ndogo zilizopangwa kwenye mihimili, na juu kina kifyatuo. Mganga alikiweka juu ya ngozi, akabonyeza, na nyembe zote zikazunguka kwa mara moja na kuacha chale fupi zenye kina sawa. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, na nilikitazama kwa muda mrefu nikiwaza namna ya kukisafisha. Nyembe hizo zimebanana kiasi kwamba brashi haipiti katikati yake, mihimili imefichwa ndani ya kisanduku, na damu ya mgonjwa wa kwanza ilikuwa na mahali pengi pa kujificha ikimsubiri mgonjwa wa pili. Fundi aliyekitengeneza aliwaza wepesi wa kukata, na hapohapo fikra zake zikaishia.

Ijumaa, Southwark

Leo nilirudi asubuhi kwa ajili ya chumba chenyewe cha upasuaji. Kilijengwa hapa darini na kuanza kutumika mwaka 1822, kwa wanawake. Kabla yake, wanawake walipasuliwa palepale wodini, mbele ya wagonjwa wenzao waliolazimika kusikia kila sauti. Kanisa lilipakana na wodi yao, kwa hiyo dari yake ilikuwa karibu, na zaidi ya hapo iliweza kutobolewa dirisha kubwa la paani. Mwanga wa jua ndio uliokuwa taa ya mpasuaji, na upasuaji ulipangwa kwa kufuata mwanga huo.

Umbo la chumba ni nusu duara. Katikati kuna meza ya mbao, nyembamba na imara, na kuizunguka kuna ngazi pana za mbao ambako wanafunzi walisimama, safu juu ya safu, wakiegemea reli mbele yao. Ukutani kuna maneno ya Kilatini, "Miseratione non mercede", yanayosema kwamba kazi ya hapa ilifanywa kwa huruma na si kwa malipo, na ni kweli kwamba waliolazwa mezani walikuwa maskini, kwa kuwa wenye uwezo walipasuliwa majumbani mwao. Chini ya meza kuna sanduku la unga wa mbao, ambalo mpasuaji alilisukuma kwa mguu hadi pale damu ilipodondoka zaidi. Sakafu nayo ni ya tabaka mbili, na baina yake mlijazwa unga wa mbao ili damu isipenye na kuwadondokea waumini kanisani. Niliinama nikaitazama meza kwa karibu. Ni mbao tupu, yenye nyufa na mikwaruzo, na mtu wa kazi yangu haitazami mbao tupu mahali pa upasuaji bila moyo kumwenda mbio.

Hospitali iliondoka hapa mwaka 1862, baada ya ardhi yake kuchukuliwa kwa ajili ya reli ya kwenda Charing Cross. Miaka miwili kabla ya hapo, katika hospitali hiyohiyo na kwenye eneo hilihili, Florence Nightingale alikuwa amefungua shule yake ya wauguzi, na nilipoikumbuka tarehe hiyo nilielewa kwamba wanafunzi wa kwanza wa fani yetu ya kisasa walipita chini ya paa hizi wakati chumba hiki bado kikitumika. Kisha dari ikafungwa na kusahauliwa. Mwaka 1956 mtafiti wa historia ya hospitali, Raymond Russell, aliweka ngazi ndani ya mnara, akapanda hadi kwenye tundu lililokuwa juu ukutani, na kuingia mahali ambapo kwa karibu miaka mia moja hapakuwa na sababu ya mtu kuingia. Makumbusho yakafunguliwa kwa umma mwaka 1962.

Nimetumia sehemu kubwa ya siku mbele ya seti za kukatia viungo. Sanduku la aina hii lilitengenezwa kwa mbao nzuri, likapigwa msasa na kung'arishwa, na ndani likatandikwa mahameli, mara nyingi nyekundu au ya zambarau, yenye vishimo vilivyochongwa kwa umbo la kila chombo. Kuna kisu kirefu chenye ncha, cha kupitishia kwenye nyama ya paja kwa mzunguko mmoja. Kuna kisu kifupi chenye makali pande mbili, cha kupenya baina ya mifupa miwili ya mguu chini ya goti. Kuna msumeno, kuna makoleo ya kubania mishipa, na kuna mkanda wa kubana damu wenye parafujo ya shaba, ambao asili yake ni Mfaransa Jean-Louis Petit, aliyeubuni mwaka 1718. Mkanda huo ulileta badiliko kubwa, maana parafujo ikishakazwa hubaki imekaza yenyewe, na msaidizi aliyekuwa akiikandamiza mishipa ya mgonjwa kwa vidole anapata mikono ya kufanyia kazi nyingine. Karibu na seti kuna keekee za kutobolea fuvu, zenye mpini wa kukingama na meno ya duara upande wa chini, na fundi seremala yeyote angeziona angejua mara moja zinavyoshikwa.

Kitu kilichonifanya niinue miwani na kusogea karibu na kioo ni mipini. Ni ya mti mweusi mgumu, jamii ya mpingo, na mingine ni ya pembe za ndovu, nayo imekatwa mistari ya kupishana, midogo sana, ili mkono wenye damu usiteleze. Mistari hiyo ilikuwa msaada wa kweli kwa mpasuaji aliyeharakishwa na maumivu ya mgonjwa. Lakini kila mfereji mdogo kati ya mistari hiyo ni shimo la uchafu, na mti hauchemshwi ukabaki mzima, wala pembe haistahimili mvuke. Kisu cha namna hii kilifutwa kwa kitambaa, kikarudishwa kwenye mahameli, na mahameli yenyewe haikuwahi kufuliwa. Binti aliniuliza kama waliotumia vyombo hivi walikuwa wazembe. Nilimjibu kwamba hapana, mwanangu, ungewaona ungewaheshimu, kwa sababu walifanya kila walichokijua kuwa ni lazima. Walijua kwamba muda ndio adui, na vyombo vyao vyote vilitengenezwa kupambana na muda.

Ushahidi wa vita hiyo upo katika historia ya hospitali hii yenyewe. William Cheselden, aliyekuwa mpasuaji wa St Thomas katika karne ya 18, alitoa mawe ya kibofu kwa muda unaokaribia dakika moja, na wagonjwa walimjia kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine yoyote. Samuel Pepys, Mwingereza anayejulikana kwa shajara yake, alipasuliwa jiwe lake tarehe 26 Machi 1658 na Thomas Hollier, naye wa St Thomas, akaishi miaka mingi baadaye, na kila mwaka ilipofika tarehe hiyo aliikumbuka kwa shukrani. Ukiitazama fimbo ya chuma yenye mfereji, ile iliyopitishwa kwenye njia ya mkojo ili kisu kiifuate hadi kwenye kibofu, unafahamu kwa nini mtu angeikumbuka tarehe kama hiyo maisha yake yote.

Jumamosi, Lincoln's Inn Fields

Nilivuka mto kwenda kwenye makumbusho ya Chuo cha Wapasuaji, yanayobeba jina la John Hunter, mpasuaji wa karne ya 18, na yaliyofunguliwa upya mwaka 2023 baada ya ukarabati wa miaka kadhaa. Ni makubwa kuliko ya Southwark na yamejaa mifano ya miili ya binadamu na wanyama, ambayo mwingine angeiandikia kurasa nyingi. Mimi nilikuja kumfuata Joseph Lister.

Tarehe 12 Agosti 1865, katika Hospitali ya Kifalme ya Glasgow, Lister alipokea mvulana wa miaka 11, James Greenlees, aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni, mfupa ukiwa umetoboa ngozi. Kwa desturi ya wakati ule mguu kama huo ulikatwa, kwa kuwa kidonda kilichofika mfupani kilioza. Lister alikifunika kidonda kwa kitambaa kilicholowekwa asidi ya kaboliki, kemikali aliyosikia kwamba inatumiwa katika mji wa Carlisle kuondoa harufu ya maji taka, na baada ya wiki sita mvulana alikuwa amepona na mguu wake. Hesabu zake za kukata viungo ni fupi na zinatosha: kabla ya kaboliki, kati ya wagonjwa 35 walifariki 16; baada ya kuanza kuitumia, kati ya wagonjwa 40 walifariki 6.

Kwa mtu anayefuata vyombo, hapa ndipo njia panda ilipo. Lister na wanafunzi wake walianza kuvilowesha vyombo vyao katika kaboliki, na mipini ya mti ikaanza kupauka na kupasuka. Charles Chamberland, msaidizi wa Louis Pasteur, mtafiti wa vijidudu wa Ufaransa, akatengeneza mwaka 1879 chungu cha mvuke wenye shinikizo, babu wa mashine tunazotumia leo. Mvuke haukuwa na msamaha kwa mti, pembe wala gundi. Ndani ya miongo miwili mafundi wa Ulaya walikuwa wakitengeneza visu vya chuma kitupu, mpini na makali vikiwa kipande kimoja, na makasi yanayoweza kufunguliwa sehemu mbili kwenye kiungio ili kila upande uoshwe. Mistari ya kupishana ikatoweka. Mahameli nayo ikatoweka, na mahali pake pakachukuliwa na sinia la chuma. Ukiweka kisu cha mwaka 1840 pembeni ya kisu cha mwaka 1895, cha pili kinaonekana cha kimaskini, hakina urembo hata kidogo, na kwangu mimi ndicho kizuri.

Glavu zina asili ya karibu zaidi na wauguzi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1889 kuingia 1890, huko Baltimore, Marekani, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji Caroline Hampton alipata vidonda mikononi kwa sababu ya kemikali ya zebaki iliyotumiwa kuoshea mikono, na mpasuaji William Halsted akaagiza atengenezewe glavu nyembamba za mpira. Ziliagizwa kulinda ngozi ya muuguzi. Kwamba zinamlinda pia mgonjwa, hilo lilifahamika baadaye, na kila ninapovaa glavu zangu humkumbuka dada huyo.

Jumapili, kwenye treni

Kutoka King's Cross hadi Edinburgh ni zaidi ya saa nne, na kwa sehemu ndefu reli hufuata bahari. Niliitumia safari kupitia nilichoandika, nikaongeza jambo moja nililotaka kulisema kuhusu makoleo ya kuzalishia, ambayo niliyaona kwa wingi pale Southwark. Familia ya Chamberlen, wakunga wa kiume wa karne ya 17, ilikuwa na makoleo hayo na kuyaficha kwa vizazi kadhaa. Waliyaingiza nyumbani kwa mgonjwa ndani ya sanduku lililofungwa, wakafanya kazi chini ya shuka, na hawakumfundisha mtu asiye wa ukoo wao. Mwaka 1813 vyombo vyao vilipatikana chini ya sakafu ya nyumba moja huko Essex. Nimewahi kusimama pembeni ya mkunga akipambana kumwokoa mama aliyechoka kusukuma, na siwezi kuwasamehe watu waliokuwa na chombo cha kumsaidia wakakifanya mali ya familia.

Jumatatu, Edinburgh

Nicolson Street ina jengo lenye nguzo za mawe lililosanifiwa na William Playfair na kukamilika mwaka 1832, nalo ndilo makao ya Chuo cha Wapasuaji cha Edinburgh, ambacho mwanzo wake ni chama cha vinyozi na wapasuaji cha mwaka 1505. Makumbusho yaliyomo yana mikusanyo kadhaa, lakini nilikwenda moja kwa moja kwenye vyombo.

Mji huu una sehemu kubwa katika habari ya nusukaputi. Robert Liston alisomea hapa kabla ya kuhamia London, na huko, tarehe 21 Desemba 1846, alimkata mguu Frederick Churchill akiwa amelazwa kwa etha, miezi miwili tu baada ya daktari wa meno William Morton kuionyesha etha mjini Boston. Liston alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote wa zama zake, na kazi ya siku ile ilichukua chini ya nusu dakika, ingawa kwa mara ya kwanza haikuwa lazima aharakishe. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 4 Novemba, daktari wa uzazi James Young Simpson na wasaidizi wake wawili waliketi kwenye meza ya chakula nyumbani kwake Queen Street namba 52, wakanusa klorofomu, na kuanguka. Siku nne baadaye alimpa mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Wapo waliompinga kwa hoja za dini, na upinzani ulipungua nguvu baada ya daktari John Snow kumpa Malkia Victoria klorofomu alipojifungua tarehe 7 Aprili 1853.

Jioni nilitembea hadi Queen Street kuitazama nyumba kwa nje. Njiani nilikuwa nikimfikiria daktari mwingine aliyepita katika mji huu, James Barry, aliyehitimu shahada ya udaktari hapa mwaka 1812, kisha akaenda London kusoma upasuaji katika hospitali za Guy na St Thomas, palepale Southwark, na akapelekwa Rasi ya Tumaini Jema kama daktari wa jeshi. Mjini Cape Town, mwezi Julai 1826, Barry alimpasua mama aliyeshindwa kujifungua, na mama na mtoto wote wakaishi, bila etha, bila klorofomu, na karibu miaka 40 kabla ya Lister. Mtoto alipewa jina la daktari. Katika Ulaya ya wakati ule upasuaji wa kumtoa mtoto ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo kwa mama, na wapasuaji wengi walikataa kuufanya.

Jumanne, Edinburgh

Leo sikuingia kwenye makumbusho yoyote. Niliketi na makala ambayo ndiyo hasa ilinileta Edinburgh, iliyosomwa mbele ya Chama cha Wakunga na Madaktari wa Uzazi cha mji huu mwezi Januari 1884 na kuchapishwa katika jarida la tiba la hapa mwaka huohuo. Mwandishi wake, Robert Felkin, alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyesafiri na wamisionari hadi Uganda, na mwaka 1879 alishuhudia upasuaji wa uzazi mahali paitwapo Kahura, katika nchi ya Bunyoro. Habari hii husimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida husimuliwa kama ajabu. Mimi nataka kuisoma kama ninavyosoma taarifa ya upasuaji wa jana.

Mgonjwa alikuwa msichana wa miaka kama 20, mwenye afya nzuri, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alilazwa juu ya kitanda kilichoinama, kichwa kikielekea ukutani, akapewa pombe ya ndizi kwa wingi hadi akalewa nusu. Alifungwa kwa mbugu, yaani kitambaa cha magome ya mti, kifuani na mapajani, mtu mmoja akashika vifundo vya miguu na mwingine akalituliza tumbo kutoka upande wa kulia. Mpasuaji alisimama kushoto. Akanuiza, kisha akanawa mikono na kuliosha tumbo la mgonjwa, kwanza kwa pombe ya ndizi na halafu kwa maji. Hapa nilisimama kusoma, kwa sababu mfuatano huo ndio ninaoufanya mimi kila siku: mikono, kisha ngozi ya mgonjwa, kabla ya kisu na wala si baada yake. Katika chumba cha Southwark kulikuwa na beseni la kunawia, na mpasuaji alilitumia zaidi kuondoa damu alipomaliza.

Akakata mara moja, katikati, kutoka juu kidogo ya mfupa wa kinena hadi chini kidogo ya kitovu. Msaidizi aligusa kwa chuma cha moto sehemu zilizovuja damu. Mtoto akatolewa na kitovu kikakatwa, kisha mpasuaji akaushika mfuko wa uzazi kwa mikono yote miwili na kuuminya ili ujikaze, akapanua mlango wake kutokea ndani kwa vidole, na kuondoa kondo la nyuma pamoja na mabonge ya damu. Kila mkunga anayesoma haya ataitambua kazi hiyo ya mikono, maana mfuko usipojikaza damu haikomi, na hadi leo tunaukanda kwa sababu hiyohiyo. Mfuko wenyewe haukushonwa. Wala Ulaya haikuwa imezoea kuushona, kwa sababu daktari Max Sänger wa Leipzig alianza kuutetea mshono huo mwaka 1882, miaka mitatu baada ya Kahura.

Kisha wakafanya jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka. Kabla ya kufunga tumbo, waliweka mkeka wa nyasi unaopitisha majimaji juu ya jeraha, wakamfungua mgonjwa vile vitambaa, wakamgeuza taratibu hadi ukingoni mwa kitanda na kumpokea mikononi, ili majimaji yote yaliyobaki tumboni yamwagike chini. Ndipo akarudishwa chali. Kingo za jeraha zikaletwa pamoja kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyong'arishwa vizuri, ikafungwa kwa uzi wa mbugu. Juu yake wakapaka dawa ya mizizi ya aina mbili iliyotafunwa, wakafunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto, na kuzungushia mbugu iliyokazwa. Felkin anasema kwamba hadi misumari ilipoanza kuwekwa, mgonjwa hakuwa ametoa sauti.

Misumari hiyo saba imenishughulisha siku nzima. Ni chuma kitupu, chembamba, kilichosuguliwa hadi kikang'aa, hakina mpini, hakina mistari, hakina mahali ambapo uchafu ungejificha, na kilitoka mwilini kikiwa kizima. Aliyekisugua alikuwa mhunzi wa Bunyoro, na chombo chake kingepita katika mvuke wa Chamberland bila kudhurika, wakati visu vingi vilivyokuwa vikitumika London mwaka uleule wa 1879 visingepita. Sisemi kwamba Kahura walijua habari za vijidudu. Nasema kwamba mfuatano ule haukuweza kuwa wa siku moja. Mtu hawezi kujua kwamba inafaa kumgeuza mgonjwa kabla ya kumfunga, wala ni siku gani ya kutoa msumari upi, asipokuwa amekwisha kuwaona wengi waliopona na wengine waliokufa.

Ratiba ya misumari imeandikwa vizuri. Siku ya tatu kidonda kilifunguliwa, kikapakwa dawa mpya, na msumari mmoja ukatolewa. Siku ya tano ikatolewa mitatu, na siku ya sita iliyosalia. Homa ya mama ilipanda usiku wa pili hadi kama nyuzi 38.3 za Selsiasi, ikashuka. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga. Mtoto alikuwa na mchubuko wa kisu begani, nao ulipakwa dawa ileile ukapona kwa siku nne. Felkin aliandika mapigo ya moyo na joto la mwili, na akachora kisu pamoja na kitanda, lakini jina la mama hakuliandika, wala la mpasuaji. London tunalijua jina la mtu aliyekatwa mguu na Liston, na Glasgow tunalijua la mvulana wa mkokoteni. Kwa kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote mbili tumeachiwa jina la kijiji.

Nimeinakili taarifa yote kwa Kiswahili katika daftari langu, hatua kwa hatua, nikiondoa jina la mahali, mwaka, pombe ya ndizi na mbugu, na kuweka tu "kioevu chenye kileo" na "kitambaa". Nikirudi kazini nitawapa wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, waipitie kama wanavyopitia taarifa yoyote, na nitawauliza kwanza kwa nini mgonjwa aligeuzwa ubavu kabla tumbo halijafungwa, na msaidizi yupi kati ya waliokuwepo alipaswa kuhesabu misumari.